Kuunga uta pale mkono unaposhika

Gogo lililetwa na basi la Magu, juu ya keria, limebanwa katikati ya magunia ya viazi vitamu. Lilikuwa la mkole, unene sentimita 12 hivi, urefu mita 1 na kiganja kimoja. Kondakta aliponishushia pale Igoma aliliangalia, akaniangalia na mimi, akasema, "Fundi, umelipia mzigo kwa ajili ya kuni?" Nikamwambia huo ni uta. Akacheka, akapiga bodi la basi, wakaondoka kwenda mjini.

Ana haki ya kushangaa. Kwa urefu wa mikono yangu, uta unaonifaa unataka sentimita 165, na gogo lile lilikuwa na 110. Lakini hizo 110 zilikuwa zimenyooka, hazina fundo wala msokoto, na nilikuwa nimezitafuta miezi saba.

Babu yangu hakuwahi kutafuta mti miezi saba. Akisimulia, anasema kijana alitoka nje ya boma asubuhi na panga lake, akarudi kabla ya jua kali na mti aliouchagua. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakaongezeka, mkaa ukapata soko mjini, na sehemu kubwa ya Usukumani ikabaki vichaka. Miti inayonifaa leo naipata kwenye ngitili, yale malisho ambayo mwenyewe huyafunga ili majani yakue hadi kiangazi kikali. Kwa jirani zetu wa Shinyanga mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kwenda hadi 2004, uliwarudisha watu wengi kwenye desturi hiyo, na uoto ukarudi. Nawashukuru wenye ngitili kutoka moyoni. Ila mkole wa ngitili mara nyingi umeguguniwa na mbuzi ukiwa mchanga, hivyo unapanda vizuri mpaka usawa wa kifua, halafu unagawanyika panda mbili tatu. Ardhi yetu sasa inatoa vipande vifupi vizuri. Virefu haina.

Watu huniuliza kwa nini nisinunue ubao mrefu wa mninga nikamaliza kazi. Ubao wa kiwandani umepasuliwa kwa msumeno, na msumeno haujali nyuzi za mti zinaelekea wapi. Mahali nyuzi zinapotokea nje ya mgongo wa uta, ule upande usiomtazama mpigaji, ndipo uta unapovunjikia. Mti uliopasuliwa kwa kabari hupasuka kwa kufuata nyuzi zake wenyewe. Kwa hiyo nikachagua vipande viwili vifupi vilivyopasuliwa kwa kabari, nikajifunza kuviunga.

Babu hakupenda. Alikuwa sungusungu tangu ulinzi ule ulipoingia kwetu miaka ya 1980, ukitokea upande wa Kahama, wakati wezi wa ng'ombe walipokuwa wamewachosha watu. Ameshika uta usiku mwingi kuliko idadi ya siku nilizoshika randa. Nilipomwambia nataka kuunga uta katikati alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mkongojo ndio unaoungwa. Uta hauungwi."

Sasa ninaelewa kwa nini alisema vile, na imenigharimu nyuta mbili kuelewa.

Uta wa Babu ni fimbo moja nzima ya mviringo, imechongwa kuwa nyembamba kuelekea ncha zote mbili. Ukiuvuta unapinda wote, hata pale mkono uliposhika. Unausikia ukijikunja ndani ya kiganja. Ni uta mtamu mno. Mimi nilipounga uta wangu wa kwanza niliufuata ule wa Babu kwa kila kipimo: katikati unene sentimita 2, mviringo uleule. Nilitumia gundi nyeupe ya seremala, ile tunayoungia viti. Nikautia upote, yaani kamba yake, jioni, nikauacha umefungwa usiku kucha. Asubuhi mstari wa gundi mgongoni ulikuwa umesogea, kitu cha unene wa ukucha tu. Gundi ile ni nzuri kwa kiti, lakini ikishikiliwa kwenye mvuto saa nyingi bila kupumzika inateleza polepole. Nilivuta mara tatu, kiungo kikafunguka mkononi.

Nikailaumu gundi. Uta wa pili nikaunga kwa gundi ya mirija miwili, ile unayochanganya sehemu kwa sehemu na ikikauka haiyeyuki tena. Unene uleule, sentimita 2. Huu ulinipa siku tisa. Siku ya kumi ukapasuka palepale, na safari hii gundi haikuachia: ulipasuka mti wenyewe, milimita chache kando ya mstari wa gundi. Nilikaa na vile vipande mapajani hadi jua likazama nyuma ya mawe ya mlimani. Gundi ilikuwa imefanya kazi yake, na bado uta umekufa. Basi kosa lilikuwa kwenye umbo.

Fikiria uta ukiwa umevutwa. Nchani upote unavuta, lakini ncha yenyewe haibebi mzigo mkubwa wa kupindwa. Kadiri unavyosogea kuelekea mkononi mzigo unaongezeka, na katikati kabisa, pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine, ndipo penye mzigo mkubwa kuliko pote. Mimi nilikuwa nimeweka kidonda cha uta hapo hapo. Ukilisikia hivyo unaweza kudhani kwamba kuunga katikati ni wazimu.

Kinachookoa ni kwamba kubebeshwa mzigo na kupinda ni mambo mawili. Boriti nene ya nyumba inabeba paa zima na haipindi. Ukiongeza unene wa mti mara 2, ukaidi wake wa kupinda unaongezeka mara 8, kwa sababu unene unajizidisha wenyewe mara tatu. Mshiko wa sentimita 2 unapinda pamoja na uta, na kila unapopinda unaitaka gundi na nyuzi zilizokatwa zinyooke na kujikunja. Mshiko wa sentimita 4 umelala kimya. Mzigo unapita ndani yake kwenda upande wa pili, na kiungo hakitakiwi kusogea hata kidogo. Fundi wa mitumbwi aliyenifundisha kushika randa, kule Kirumba, alikuwa akisema kiungo cha ubao kisiachwe hewani, kipate taruma, ule ubavu wa mtumbwi, la kukilalia. Nilimsikia miaka kumi kabla sijamwelewa.

Mshiko usiopinda una gharama yake. Katika sentimita 165 zangu, 10 za kiungo hazipindi, na 5 kila upande ambapo unene unashuka taratibu nazo hazipindi. Zinabaki 145 kufanya kazi ambayo uta wa Babu unaifanya kwa mwili wake wote. Kila upande unabeba zaidi, na mti ukibebeshwa zaidi ya uwezo wake, tumbo la uta, ule upande unaomtazama mpigaji, linajikunja makunyanzi na kufa. Kwa hiyo pande hizo lazima ziwe pana na bapa badala ya mviringo. Mimi naanza na upana wa sentimita 4 na nusu karibu na mshiko. Hapo tayari huna tena uta wa Babu. Ukiunga, umebadilisha aina ya uta. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyeniambia, na ndilo ninalotaka anayeanza kazi hii alijue kabla hajaharibu mkole wake.

Nirudi kwenye gogo. Nililipasua siku ileile, kwa kabari mbili za chuma na nyundo, nikianzia upande wa shina. Mkole mbichi ukipasuka una sauti kama ya nguo nzito inayochanwa, na harufu tamu kidogo. Zikatoka nusu mbili, ndugu wa tumbo moja. Nikaandika kwa mkaa herufi S upande wa shina wa kila moja, kwa sababu mti ukishatolewa gome na kukaa darini miezi kadhaa huwezi tena kujua juu wapi na chini wapi. Ncha nikazipaka rangi ya mafuta ili maji yasikimbie haraka na kuacha nyufa.

S mbili ndizo zitakazokutana mkononi. Shina kwa shina. Mti wa chini na mti wa juu havifanani, hata kwenye gogo moja: juu kuna dalili za matawi, na uzito unatofautiana. Ukiunga shina la kipande kimoja na kilele cha kingine, upande mmoja wa uta utapinda kama mzee na mwingine kama kijana, na utahangaika kuusawazisha hadi usibaki na kitu. Wakiwekwa ndugu wawili, mizizi yao imeelekeana, kila upande unakuwa kioo cha mwenzake.

Baada ya miezi minane vilikuwa vikavu. Ndipo nikachora kiungo.

Ncha kwa ncha haifai kabisa. Mti kwenye ncha yake ni kama fungu la mirija, unainywa gundi na kuiacha kavu. Gundi inashika ubavuni mwa nyuzi. Kwa hiyo kiungo lazima kiwe na ubavu mrefu. Nilichora mgongoni mstari unaokwenda na kurudi kama herufi Z: upana wa sentimita 4 nimeugawa mara tatu, na kila mchoro una urefu wa sentimita 10. Unapata kidole kimoja kilichochongoka ndani na nusu kidole pembeni, na uzuri wake ni kwamba vipande vyote viwili vina umbo moja. Karatasi moja ya boksi inatosha kuchorea vyote, unaigeuza tu. Ukipiga hesabu, michoro 3 ya sentimita 10, kwa kina cha sentimita 4, ni sentimita za mraba 120 za gundi. Ncha kwa ncha ungepata 16, tena za mirija.

Kukata kwa msumeno ni kazi ya nusu saa. Kukutanisha kulinichukua siku mbili. Nilishika kipande kimoja juu ya moshi wa koroboi mpaka uso wa kiungo ukawa mweusi, nikakisukuma ndani ya mwenzake, nikakitoa. Pale masizi yalipohamia ndipo palipogusana. Pengine pote palikuwa peupe, hewa tupu. Nikaparua yale madoa meusi kwa patasi, unyoya mdogo tu, nikarudia. Mara ya kwanza madoa yalikuwa matatu, kama nzi waliotua. Mara ya tano yalikuwa mstari. Nilirudia mara kumi na nne. Mara ya mwisho vipande viliingiana na kutoa pumzi, ile sauti ndogo ya hewa inayokimbia, na nilipoinua kimoja kingine kikaning'inia bila gundi. Nikamwita mke wangu aje aone. Masizi yote yakaparuliwa kabla ya gundi, maana gundi haishiki uchafu.

Sasa gundi. Ile ya mirija miwili ingetosha, na kwa mtu anayetaka uta tu, namshauri hiyo: usiminye sana ukaikamua yote ikatoka nje, na kwa joto la Mwanza changanya kidogo kidogo kwa sababu inaganda upesi. Ila mimi nilikuwa na jambo lingine moyoni. Waturuki na watu wengine wa Asia waliunga mbao za nyuta zao kwa kiungo cha V, karne nyingi zilizopita, na gundi walizoziamini zilitokana na ngozi, kano na kibofu cha hewa cha samaki. Nilipojua hilo nilisimama. Kibofu cha hewa cha samaki ni bondo. Nakaa mji ambao mabondo ya sangara yanakaushwa na kusafirishwa hadi China, ambako ni chakula cha heshima, na kilo yake inaacha mbali kilo ya minofu. Babu zetu wa zamani hawakuwa nayo, kwa sababu sangara mwenyewe aliletwa ziwani miaka ya 1950. Sisi tunayo, na sijaona fundi hata mmoja anayeungia nayo mti.

Mama anayeuza dagaa jirani yangu alinitafutia, Mwaloni, mabondo madogo yaliyochanika ambayo mnunuzi aliyakataa. "Mwanangu, unataka kupika supu?" aliniuliza. Niliyaloweka usiku kucha, yakawa meupe na laini kama sikio la mtoto. Nikayakatakata, nikayaweka kwenye kisufuria ndani ya sufuria ya maji, juu ya jiko la mkaa lililofifia. Maji yawe ya moto ambao kidole hakivumilii, lakini yasichemke, kwani gundi ikichemka inapoteza nguvu. Baada ya saa tatu nikachuja kwa kipande cha kanga. Ilitoka rangi ya asali changa. Nikaipima kati ya kidole gumba na cha shahada, nikavitenganisha, na nyuzi nyembamba kuliko za buibui zikavutika kati yake.

Kwa siku nne nilipaka gundi nyepesi kwenye nyuso za kiungo, asubuhi na jioni, mpaka mti ukaacha kunywa na uso ukang'aa. Siku ya tano nikapasha vipande vyote viwili juu ya jiko, nikapaka gundi nzito, nikavisukuma pamoja. Kisha, kabla haijashika, nikanyoosha uzi wa nyavu kutoka ncha hadi ncha. Uzi lazima upite katikati ya mshiko. Ukipita pembeni, upote nao utapita pembeni na uta utajisokota mkononi. Hapa kuunga kuna faida ambayo fimbo nzima haina: vipande vyangu vilikuwa na pindo kidogo kila kimoja, nami niliweza kuvielekeza vikubaliane, nusu sentimita huku, nusu kule, mpaka uzi ukapita ninapotaka. Nikabana mbavu kwa vibao viwili, nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko kwa kuvuta, gundi ikatoka kwenye mistari kama jasho. Nikauning'iniza ndani, mbali na moto, na sikuugusa mwezi mzima.

Kuchonga na kusawazisha sitakueleza sana, ni kama uta wowote: unaparua tumboni, huugusi mgongo, unavuta kidogo, unatazama, unaparua tena. Mshiko tu ndio niliuogopa. Tupa ilikuwa ikiniambia mkononi kwamba pangekaa vizuri zaidi pakiwa pembamba, nami nilikataa. Ulibaki sentimita 4. Nikauzungushia ngozi mbichi ya mbuzi na vanishi juu yake, maana gundi ya bondo ikipata maji inalainika, na masika ya hapa ziwani hayahurumii kitu. Umevutwa mara mamia kadhaa sasa, nyuma ya karakana, mishale ikienda kwenye gunia la pumba. Mstari wa gundi haujasogea.

Mwezi uliopita niliupeleka Magu. Babu haoni vizuri siku hizi. Niliingia nikasema mwangaluka, akaitikia, nikapiga magoti nikamwekea uta mapajani. Alianzia nchani, akauteremsha mkono polepole kama anayempapasa ndama, akafika kwenye ngozi akasimama. Nilikuwa nimeacha mwanya mdogo mwisho wa ngozi, pale ncha ya kidole cha kiungo inapoishia. Ukucha wake ulipita pale, ukarudi, ukapita tena.

"Hapa," akasema.

"Ndiyo, Babu."

Akauinua ameketi, akavuta hadi nusu, akashikilia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukisubiri kitu. Nilijua unasubiri nini: unasubiri uta ujikunje kiganjani, kama ule wake ulivyomzoeza maisha yake yote. Haukujikunja. Aliurudisha taratibu.

"Ni mzito katikati," alisema. "Hauongei na mkono." Kisha baada ya muda, "Lakini una nguvu. Nani kakufundisha kuufanya uwe mzito?"

Nikamwambia ni zile mbili zilizovunjika. Akataka nimsimulie zote mbili, ya gundi nyeupe na ya siku tisa, na nilipofika mahali mti ulipopasuka kando ya gundi akaitikia kwa kichwa, akaniambia nirudie hapo. Hakusema tena habari za mkongojo. Hakusema pia kwamba alikosea, wala sidhani alikosea, kwa uta wake. Jioni alimwambia mjomba anipeleke kwenye ngitili yake ng'ambo ya mto, kuna mkole pale alioufahamu tangu mdogo. Una panda usawa wa kifua. Tulikata shina moja katika mashina yake matatu, mengine tukayaacha yakue.

Nusu zake mbili ziko darini sasa, S zimeandikwa kwa mkaa. Kila Jumamosi nazishusha, naenda kwa mama wa dagaa, naye ananipimia kwenye mizani yake kabla hajaanza kuuza. Wiki iliyopita moja ilikuwa gramu 1,945. Jumamosi hii ilikuwa 1,930. Bado inatoa maji. Nimezirudisha juu.